Toledo: mji wenye daraja liitwalo Daraja

Kuna mji mmoja katikati ya Uhispania ambao daraja lake kongwe huitwa Puente de Alcántara. Puente kwa Kihispania ni daraja. Alcántara nalo limetokana na neno la Kiarabu, al-qantara, na maana yake ni daraja vilevile. Kwa hiyo wakazi wa Toledo, kila wavukapo mto Tajo, hupita juu ya Daraja la Daraja, na hakuna aonaye ajabu. Mwanafunzi wa isimu hujua jambo hili hutokea wapi. Hutokea pale lugha moja irithipo nyumba ya nyingine bila ya kuuliza maana ya majina yaliyoandikwa mlangoni.

Nilipita hapo kiangazi kilichopita pamoja na marafiki. Nasema kiangazi kwa kufuata kalenda ya Wazungu, kwani mwezi wa Julai kwetu Limuru na Nyahururu ni wakati wa kujikunyata kwa baridi, ilhali kule jua huwaka hadi mawe ya njiani yakawa kama kikaango. Tulikuwa tumemaliza mkutano wa wanaisimu mjini Madrid, na kwa kuwa ndege yetu ilikuwa ya siku ya pili, tulijipa siku moja ya kuuona mji huo ulio umbali wa kilomita 70 hivi upande wa kusini. Treni ya kasi hufika kwa nusu saa, muda ambao abiria wa Thika aghalabu huumaliza akingoja matatu ijae.

Tulikuwa watu wanne. Dada mmoja wa Tanzania, aliyefundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kugeukia taaluma ya istilahi. Ndugu yetu wa Lamu, aliyeingia madrasa kabla hajang'oa meno ya utoto, na ambaye sote humwita Ustadh. Mwenyeji wetu, mama wa Kihispania afundishaye historia ya lugha yake. Na mimi. Baina yetu sisi watatu tulisema Kiswahili. Mwenyeji wetu alipoingia katika mazungumzo tulihamia Kiingereza, lugha ambayo hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeinyonya kwa mamaye. Nalitaja hili mapema kwa sababu litatufaa huko mbele.

Toledo imejengwa juu ya jabali, na mto umeizunguka pande tatu. Vichochoro vyake ni vyembamba mno, hata Ustadh alipokiona cha kwanza alisimama akacheka. "Kaka," akaniambia, "hapa punda wa kwetu wangelazimika kupeana zamu." Miji yote miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Toledo tangu 1986 na mji mkongwe wa Lamu tangu 2001. Tofauti ni kwamba vichochoro vya Toledo vimeachiwa watalii, nao hawapishani kwa adabu ya punda.

Historia ya mji yaweza kuelezwa kwa pumzi moja. Ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Kivisigothi. Waislamu wakauteka mwanzoni mwa karne ya 8 na kuuita Tulaytula. Mwaka 1085 mfalme Alfonso wa Sita wa Kastilia akauchukua. Kanisa kuu, lililoanza kujengwa katika miaka ya 1220, limesimama mahali palipokuwa na msikiti mkuu. Watu hupanga foleni kuiona michoro ya El Greco, kisha hununua panga za mapambo na vileja vya lozi na sukari. Hayo yameandikwa na wengi nami nawaachia.

Mwenyeji wetu hakutupeleka kanisani kwanza. Alitupeleka kwenye msikiti mdogo ulio karibu na lango la zamani la Bab al-Mardum, jengo la matofali ambalo upana wake haufiki mita 10, lenye kuba tisa ndogondogo ndani na hakuna moja iliyo sawa na nyingine. Baadaye liligeuzwa kanisa na kuitwa Cristo de la Luz. Juu ya ukuta wa mbele kuna maandishi ya Kiarabu yaliyofanyizwa kwa matofali yenyewe, kwa hati ya kale ya Kikufi ambayo huwatoa jasho hata wajuzi. Ustadh alisimama juani robo saa nzima, kofia yake ameishika mkononi, midomo ikimcheza. Kwanza alilipata Bismillahi. Kisha jina la Ahmad bin Hadidi, aliyeujenga kwa mali yake akitaraji thawabu. Kisha la Musa bin Ali, fundi. Kisha Muharram ya mwaka 390, yaani mwishoni mwa mwaka 999 au mwanzoni mwa 1000 kwa hesabu ya Kizungu. Watalii wawili walimpiga picha, nadhani wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Aliyeyakuta maandishi yale baada ya 1085 hakuyabomoa, na ukuta uliendelea kusema Kiarabu huku ndani pakisaliwa kwa Kilatini.

Kutoka hapo tuliingia katika duka la vyakula kununua maji, na maji yenyewe tuliyasahau. Ustadh alianza kusoma vibandiko kwa sauti. Azúcar, sukari. Azafrán, zafarani. Taza, kikombe kwa Kihispania, nasi tunayo tasa ya kunawia. Berenjena, ambalo ni badhinjan la Kiarabu, na ambalo kwa Kireno lilikuwa beringela, na ndiyo maana mama yako sokoni huliita bilinganya: neno lililotoka Uarabuni likaenda Ulaya, likapakiwa katika merikebu za Wareno na kurudi hadi ufuoni petu kwa mlango wa nyuma. Ukutani palibandikwa tarifa, yaani orodha ya bei, na sisi hapa kila jioni husikiliza taarifa ya habari.

Maneno ya bidhaa hayashangazi. Sukari husafiri na jina lake. Lakini mwenyeji wetu alipomuaga mwenye duka alisema hasta luego, na hapo ndipo mimi nilipoomba kiti. Hasta ni hatta ya Kiarabu. Ndiyo hata yetu sisi: hata lini, hata kesho, hata milele. Msomaji mpendwa, hakuna mfanyabiashara aliyewahi kupakia kiunganishi jahazini. Maneno ya namna hiyo hayaji kwa biashara. Huja kwa ujirani, kwa watu kuoana, kugombana, kulea watoto ukuta kwa ukuta. Lugha mbili ambazo hazikuwahi kukutana, moja katika nyanda za Kastilia na nyingine kati ya Mogadishu na Kilwa, ziliazima neno dogo lile lile kwa jirani mmoja.

Yako mengine. Fulano ni fulani, na Mhispania humsema mtu asiyetaka kumtaja kama sisi tusemavyo fulani bin fulani. Mezquino ni maskini, ila kwao neno limehama likawa bahili, mtu mwenye roho finyu, ilhali kwetu limebaki na huruma yake. Alcalde ni al-qadi. Kwa Wahispania ni meya wa mji, na kwetu kadhi ametajwa katika katiba ya 2010 kwa kazi ile ile ya hukumu aliyotoka nayo Uarabuni. Nami sijapata kumsikia mtu akidai kwamba Kihispania si lugha ya Wahispania kwa kuwa kina alcalde na azúcar. Hoja ya namna hiyo huwekewa Kiswahili peke yake, na aghalabu huwekwa na watu ambao Kiingereza wanachokitukuza kimejaa Kifaransa hadi jikoni.

Lakini Toledo haikujulikana duniani kwa maneno ya dukani. Ilijulikana kwa tafsiri. Mji ulipotekwa, maktaba zake zilibaki, na wajuzi wa Kiarabu, Wayahudi na Wakristo, walibaki nazo. Katika karne ya 12 wasomi wa Ulaya walianza kumiminika. Mashuhuri kati yao ni Gerard wa Cremona, Mwitalia aliyefika akitafuta kitabu kimoja tu, Almajisti cha Ptolemy kuhusu nyota, akakaa hadi alipofariki 1187, na wanafunzi wake wakaorodhesha vitabu zaidi ya 70 alivyovitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Humo mlikuwamo aljebra ya al-Khwarizmi na Kanuni ya tiba ya Ibn Sina, iliyofundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa.

Dada yetu aliuliza jengo la hiyo "shule ya wafasiri" liko wapi. Mwenyeji wetu alicheka. Hakuna jengo. Hapakuwa na kengele wala sare. Jina la shule limebuniwa na wanazuoni wa karne za karibuni. Palikuwa na watu wawili na kitabu kimoja.

Nalitilia mkazo hili la watu wawili. Gerard hakufanya kazi peke yake. Kwa ushahidi wa mwanafunzi mmoja Mwingereza, alisaidiwa na Mkristo msemaji wa Kiarabu aitwaye Ghalib. Na katika dibaji ya tafsiri ya kitabu cha Ibn Sina juu ya nafsi, Myahudi mmoja, Ibn Daud, amemweleza askofu mkuu wa Toledo jinsi walivyofanya. Yeye aliyatamka maneno ya Kiarabu, moja baada ya jingine, kwa lugha ya watu wa kawaida. Na padri Gundisalvo akayageuza, moja baada ya jingine, kuwa Kilatini. Lugha hiyo ya kawaida wataalamu wengi huielewa kuwa ni ile ya mitaani na sokoni, mzazi wa Kihispania cha leo. Tazama basi mambo yalivyokuwa. Kitabu kilitoka katika lugha kubwa kikaingia katika lugha kubwa. Katikati kilipita katika kinywa cha lugha ndogo, na lugha hiyo ndogo ilibidi ikibebe kitabu chote, kila dhana na kila hoja, kwani kama isingeweza kuibeba, Gundisalvo asingekuwa na cha kuandika. Baada ya kazi, jina lake halikuwekwa popote. Wino ulikuwa wa Kilatini.

Wasomaji walio walimu hawahitaji kwenda Uhispania ili kuyaona haya. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya madarasa nikiwakagua wanafunzi wetu wa ualimu wakiwa mazoezini, na somo la sayansi la kidato cha pili nalijua kama sala. Mwalimu huisoma kanuni kwa Kiingereza. Nyuso hunyamaza. Mwalimu hurudia, polepole kidogo, kana kwamba tatizo lilikuwa mwendo. Nyuso bado zimenyamaza. Ndipo mwalimu hutazama mlangoni, akaiweka chaki mezani, akakunja mikono ya shati na kusema, "Sasa sikilizeni." Na kwa dakika tano hutoa maelezo ya Kiswahili, mjini yakichanganyika na Sheng, ambayo kwa uwazi na mpangilio yangefaa kupigwa chapa. Macho hufunguka. Maswali huja. Kisha mwalimu huichukua tena chaki, akawageuzia mgongo, na kuandika ubaoni kwa Kiingereza. Ibn Daud na Gundisalvo wamekaa katika shati moja. Na chaki, mimi ni shahidi, haijapata kuandika neno hata moja la yale maelezo.

Watu hudai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ingewachekesha wafasiri wa Toledo, kwa sababu Kilatini chao nacho hakikuwa nazo. Walipokosa neno walilichukua la Kiarabu jinsi lilivyo, na ndiyo maana aljebra ni aljebra hadi leo. Sifr ya Kiarabu iliwapa Wahispania maneno mawili kwa bei ya moja, cifra na cero, kama ilivyotupa sisi sifuri. Na mara nyingine walikosea, tena kosa la kudumu. Ule uwiano wa pembe ambao kila mwanafunzi wa hisabati huuandika sin, asili yake ni neno la Wahindi lililomaanisha uzi wa upinde. Waarabu waliliazima kwa sauti, wakaliandika kwa konsonanti mbili tu kama ilivyo desturi ya hati yao, na mfasiri wa Kilatini akalisoma jayb, yaani kunjo la nguo kifuani, pale mtu atiapo vitu vyake kama mfukoni. Basi akatafuta neno la Kilatini lenye maana hiyo, akaandika sinus. Wako wamsingiziao Gerard, wako wamsingiziao Robert wa Chester. Dada yetu, aliyefundisha jambo hilo kwa miaka isiyopungua 15, aliketi juu ya ngazi ya nyumba ya watu. "Kumbe nimewafundisha watoto mfuko wa kanzu!" akasema. Na juu ya mfuko huo wa kanzu yamejengwa madaraja na kurushwa vyombo vya angani. Leo mtu anayelikataa neno usanisinuru au kanieneo kwa kuwa halimpendezi sikioni angefaa kuambiwa kisa hiki.

Jambo lililonifanya niandike makala haya lilitokea karne moja baada ya Gerard. Mwaka 1252 alitawazwa mfalme Alfonso wa Kumi, aliyezaliwa Toledo 1221. Naye alikusanya wafasiri, wengi wakiwa Wayahudi kama Yehuda ben Moshe na Isaac ibn Sid, na mwanzoni kazi ilikwenda kwa mtindo uliozoeleka. Lakini mfalme huyu alilitazama lile daraja la katikati akauliza, kwa vitendo ikiwa si kwa maneno, kwa nini tunavuka kila siku bila kusimama? Akaamuru kazi iishie hapo, katika Kikastilia. Vitabu vya nyota, vya mawe na tabia zake, vya sheria, vya historia ya nchi, hata vya sataranji na dadu kilichokamilishwa 1283, vyote vikaandikwa kwa lugha ya sokoni. Dibaji ya kimoja inatuarifu kwamba mfalme mwenyewe alikipitia na kuyaondoa yaliyozidi na yasiyokuwa Kikastilia fasaha. Sijui ni mawaziri wangapi wa elimu, hapa au kwingineko, waliowahi kuhariri sentensi.

Kwa nini Kikastilia? Wako wataalamu wanaosema wale Wayahudi hawakuwa na mapenzi na Kilatini, lugha ya Kanisa lisilokuwa lao. Kiarabu nacho kilikuwa na dini yake. Lakini Kikastilia hakikuwa cha msikiti wala cha kanisa wala cha sinagogi, na kila mmoja alikitumia kununulia mkate. Naona hoja hii ina uzito, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa ni lugha gani ya kwetu isiyo ya kabila wala ya dini.

Nisije nikamfanya Alfonso malaika. Alimaliza hazina ya nchi akitafuta taji la ukaizari ambalo hakulipata, na mwaka 1282 mwanawe Sancho alimwasi. Wala hakukifukuza Kilatini: barua za kwenda kwa wafalme wa nje ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na vyuo vikuu viliendelea kufundisha kwa lugha hiyo kwa karne nyingi baadaye. Alichofanya ni kukataa kwamba lugha inayoweza kueleza jambo haifai kuliandika.

Tulipumzika katika kivuli karibu na sinagogi la karne ya 14 liitwalo El Tránsito, ambalo kuta zake zimenakshiwa maandishi ya Kiebrania na ya Kiarabu bega kwa bega. Mwenyeji wetu alikuwa amenunua nakala ya Calila e Dimna, kitabu ambacho Alfonso aliamuru kitafsiriwe kutoka Kiarabu mwaka 1251, akiwa bado mwana wa mfalme. Alisoma Kikastilia cha kale, akakitoa kwa Kiingereza, nami nikakirudisha kwa Kiswahili kwa mzaha tu, hata tukajikuta tumekuwa karakana ya Toledo bila kukusudia. Alifika kwenye hadithi ya kobe na nyani. Nyani hukaa juu ya mtini akimwangushia kobe matunda, wakawa marafiki. Kobe akamchukua mgongoni kuvuka maji. Katikati akamfunulia kwamba kwao kuna mgonjwa na dawa yake ni moyo wa nyani.

"Akamwambia moyo ameuacha mtini," Dada akadakia, hajangoja tafsiri.

Mwenyeji wetu alifunga kitabu, ameweka kidole ndani, akamtazama kwa mshangao. Dada hakuwa amewahi kukiona kitabu kile. Alikisikia kisa kwa bibi yake, na kwa bibi yake kobe alikuwa papa, na mti wa tini ulikuwa mkuyu. Mle ndani ya hadithi, nyani humsimulia mwenzake hadithi nyingine, ya punda aliyenusurika na simba kisha akashawishiwa kurudi, akaliwa, na moyo na masikio yake yakatoweka. Na katika matini ya Kiarabu mwenye punda ni mfua nguo. Ndiyo Punda wa Dobi, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, mbweha akiwa amempisha sungura. Hadithi zile zilitoka Bara Hindi, zikaingia Kiajemi, zikaingia Kiarabu, na kutoka hapo tawi moja likaenda magharibi hadi kwa mwana wa mfalme na jingine likashuka na pepo za kaskazi hadi kwa bibi wa Kitanzania. Ustadh alisema punda yule amesafiri kuliko sisi wote wanne.

Haifai kuondoka Toledo na picha ya watu wa dini tatu wakinywa kahawa pamoja daima dawamu. Mwaka 1391 Wayahudi wa mji huu walichinjwa. Mwaka 1492 waliobaki Uhispania bila kubatizwa walifukuzwa wote. Cisneros, askofu mkuu wa Toledo hiyo hiyo ya wafasiri, alivichoma moto vitabu vya Kiarabu kule Granada mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1567 ikatangazwa amri ya kupiga marufuku Kiarabu, kusemwa na kuandikwa. Ndiyo maana kuna ucheshi wenye uchungu katika Don Quixote, kilichotoka 1605: Cervantes anadai kwamba aliyakuta masimulizi ya shujaa wake katika madaftari ya Kiarabu yakiuzwa sokoni Toledo, akamtafuta mtu wa ukoo wa Waislamu waliobatizwa amfasirie, na malipo yakawa zabibu kavu na ngano. Mtu huyo hatajwi hata jina. Nawajua wafasiri wa Nairobi ambao wangeipokea ngano hiyo kwa shukrani, maana malipo yao hucheleweshwa hadi ingekwisha kuota.

Ndani ya treni ya kurudi tulibishana. Dada yetu, ambaye kwao Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, hakuwa na shangwe niliyokuwa nayo. Sera ya elimu ya nchi yake ya mwaka 2014, alinikumbusha, ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini mwanafunzi wa sekondari bado hupokelewa na Kiingereza siku ya kwanza. "Ninyi mnalia kwa kukosa mwanzo," akasema, "sisi tunalia mlango ulipofungwa katikati ya nyumba." Kisha akanitwanga kwa Alfonso wangu mwenyewe: zile jedwali za nyota zilizotengenezwa Toledo, matini yake ya Kikastilia imepotea isipokuwa maelezo ya matumizi, na zilizoenea Ulaya hadi kwa Copernicus ni za Kilatini. "Unaona, Kaka? Kilatini ndicho kilichoziokoa."

Ni hoja nzito na sikuitupa. Anayetaka kusomwa ng'ambo ataandika kwa lugha isomwayo ng'ambo, nami mwenyewe nilikuwa nimetoka kusoma makala yangu Madrid kwa Kiingereza. Lakini jedwali ni tarakimu, na tarakimu hazina mama. Sheria za Alfonso, historia zake na hadithi zake zilibaki katika Kikastilia, na ilipofika 1492 Nebrija alipochapa sarufi ya kwanza ya lugha hiyo, alikuwa na zaidi ya miaka 200 ya nathari ya kueleza. Sisi tunazo kamusi. TUKI walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tusichonacho ni kurasa: fizikia iliyoandikwa na mtu aliyeifundisha, kwa sentensi zile zile zilizowafumbua macho watoto.

Tangu nirudi nimewaagiza wanafunzi wangu wa ualimu, kila watokapo mazoezini, waniletee ukurasa mmoja: maelezo ya jambo moja la sayansi au jiografia kama walivyoyatoa kwa mdomo darasani, neno kwa neno. Msichana mmoja alileta osmosisi. Alikuwa amewaeleza watoto kwa kachumbari: ukikata nyanya na vitunguu na kunyunyiza chumvi, ukaondoka kidogo, ukirudi utakuta maji bakulini ambayo hukuyatia wewe, kwani yametoka ndani ya kitunguu kufuata chumvi kupitia ngozi nyembamba mno ipitishayo maji na kuizuia chumvi. Ukurasa mzima, bila doa. Chini yake ameongeza kwamba alipomaliza aligeuka akaandika maana ya osmosisi ubaoni kwa Kiingereza, na mvulana wa safu ya nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, kwenye mtihani tuandike ya kachumbari au ya ubaoni?"

Alimjibu aandike ya ubaoni.